Askari Kanzu Aliyeshika Kalamu

Msomaji wangu, huenda umepata kunyang'anywa kitabu darasani. Ikiwa kitabu hicho kilikuwa na picha ya bastola katika jalada lake, aliyekunyang'anya hakuona haja ya kukifungua, kwa kuwa hadithi za upelelezi hudhaniwa na wengi kuwa ni chakula cha akili zilizochoka. Mimi ni mwalimu, na kabati langu limejaa vitabu vya namna hiyo. Nataka kusema nawe juu ya tawi moja tu la hadithi hizo, yaani zile zilizoandikwa na watu waliopata kuifanya kazi ya upelelezi wenyewe, kisha wakaiacha, wakashika kalamu.

Watu hao si wengi. Wa zamani ni Mfaransa Vidocq, aliyezaliwa mwaka 1775. Alikuwa mfungwa mtoro kabla ya kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris. Alichapisha habari za maisha yake mwaka 1828, na mwaka 1833 akafungua ofisi yake mwenyewe ya upelelezi. Maneno yake yana chumvi nyingi, nami simwamini sana. Nimwaminiye ni Mmarekani, Dashiell Hammett.

Hammett alizaliwa mwaka 1894 katika jimbo la Maryland. Aliacha shule angali mdogo, na mwaka 1915 akaajiriwa na kampuni ya upelelezi iitwayo Pinkerton. Kazi yake ilikuwa kufuata watu kwa siri, kungoja nje ya milango, na kuandika taarifa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiishia aliingia jeshini, akapata ugonjwa wa kifua ambao haukumwacha tena. Alipokuwa hana nguvu za kusimama usiku kucha katika baridi, alianza kuandika hadithi katika magazeti ya bei rahisi, mashuhuri kupita yote likiwa Black Mask. Kitabu chake Red Harvest kilitoka mwaka 1929, na The Maltese Falcon mwaka 1930.

Wamarekani huzifananisha hadithi za namna hii na yai lililochemshwa hata likawa gumu. Maana yake ni kuwa mpelelezi wake halii, hahubiri, wala hashangai. Lakini ugumu huo si majivuno, na hili ndilo nitakalo ulione. Mtu aandikaye taarifa kwa mkuu wake haulizwi habari za moyo wake. Huulizwa ni saa ngapi, mlango upi, nani aliingia na nani alitoka. Hammett aliandika taarifa za namna hiyo kwa miaka, na alipogeukia hadithi hakubadili mwandiko. Shujaa wake wa kwanza hana hata jina. Ni mtu mfupi, mnene, mwajiriwa wa kampuni. Sherlock Holmes angeitazama jivu ya sigara na kukwambia mvutaji ametoka wapi. Mtu huyu wa Hammett hungoja, huuliza, hudanganywa, huuliza tena. Na katika Red Harvest anafika katika mji ambao polisi na wezi wanakula sahani moja, basi hata akiijua kweli, hana wa kumpelekea.

Nikupe jambo moja zaidi juu yake, ingawa si la hadithi. Mwaka 1951 mahakama ilimtaka ataje majina ya watu waliochanga fedha za dhamana. Alikataa, akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Mtu aliyekula mshahara kwa kutafuta majina ya watu alikwenda jela kwa kuyaficha.

Katika lugha yetu, aliyetufungulia mlango ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, ni ndugu wa Holmes, si ndugu wa watu wa Hammett. Abdulla hakuwa polisi. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, akadumu humo miaka 10 kabla ya kuingia katika kazi ya magazeti. Usiidharau kazi hiyo. Mkaguzi wa afya hubisha hodi, akaingia uani, akatazama kisima, mtungi, jiko na choo, na mwenye nyumba humwonyesha hiki na kumficha kile. Mimi naona hiyo ndiyo skuli aliyosomea Bwana Msa. Baadaye Ben Mtobwa wa Tanzania alimleta Joram Kiango, mpelelezi asiyekula mshahara wa serikali, naye yu karibu zaidi na Wamarekani. Ila Mtobwa pia alikuwa mtu wa magazeti.

Askari kanzu mwenyewe, yaani mpelelezi wa polisi asiyevaa sare, aliyestaafu kisha akaandika, mimi nilimpata jirani tu, mtaani Buxton.

Buxton ni mtaa wa kisiwani Mombasa, karibu na Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980. Ukienda leo utaona maghorofa marefu mapya, kwa kuwa nyumba za zamani zilianza kubomolewa mwaka 2021. Mimi nasema habari za nyumba zile za zamani, katika miaka ya 1990, ambamo jirani akikohoa ulijua ni nani na amelalia ubavu gani. Mzee huyu simtaji jina. Alikuwa amestaafu, naye alikuwa na madaftari sita ya mistari ambayo aliyaandika kwa kalamu ya risasi. Aliposikia kuwa mimi nafundisha Kiswahili, aliniletea yote pamoja, yamefungwa kwa kamba.

Nilimrudishia baada ya juma moja. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Hadithi ni nzuri, lakini mpelelezi wako hakimbii. Kurasa 14 amekaa tu anacheza dhumna."

"Marahaba, mwalimu. Mimi nimeifanya kazi ile miaka 22, na sikupata kumkimbiza mtu hata siku moja. Nilikaa."

Kisha akanieleza kukaa. Katika mji mkubwa wa Marekani mpelelezi hujificha kwa kutojulikana. Husimama pembeni na gazeti, na hapana amtazamaye. Mtaani kwetu mgeni akisimama dakika tano huulizwa amtakaye, na akikosa jibu huletewa mtoto wa kumwongoza. Basi askari kanzu sharti awe na sababu ya kukaa. Ajulikane kuwa anadai deni, au anaposa, au amefukuzwa na mkewe. Anunue kahawa chungu kikombe baada ya kikombe, afungwe katika dhumna na achekwe. Habari haitafutwi, alisema; huja yenyewe kwa mtu ambaye watu wamekwisha kumchoka. Nilielewa, ingawa mpaka leo naona kurasa nane zingetosha.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Mlinzi wa usiku wa ghala moja huko Kilindini aonekana amekufa asubuhi, yasemwa ameanguka ngazi. Kazi ya mlinzi ilikuwa kuandika katika daftari kila gari litokalo na saa yake. Mkewe amwambia mpelelezi jambo dogo: marehemu aliitanguliza saa yake ya mkononi dakika 10, asije akachelewa kazini. Mpelelezi achukua daftari la mlinzi, alinganisha na daftari la mizani. Magari yote ya usiku ule yametangulia dakika 10, isipokuwa mawili ya mwisho, ambayo saa zake zalingana sawasawa na za mizani. Basi magari hayo mawili yaliandikwa na mkono mwingine, mlinzi akiwa amekwisha kufa. Na aliyekuwa na ufunguo wa meza ile ni mtu mmoja tu. Mpelelezi aandika taarifa. Baada ya siku tatu jalada lafungwa kwa amri ya wakubwa, naye apelekwa mji mwingine. Aacha kazi, apanga chumba Buxton, na kuanza upya peke yake, bila mshahara.

Mwisho wake ulinikera. Baada ya madaftari sita, hapana anayekamatwa. Mpelelezi abisha hodi kwa mjane, aketi, amweleza yote, anywa chai, aondoka.

"Mzee," nilimwambia, "msomaji atataka pingu."

"Pingu atapewa na nani? Mimi sikuwa nazo tena." Akanyamaza kidogo. "Mama yule aliniuliza mara tatu, mwalimu, na nilikuwa chini ya kiapo cha kazi. Yeye hakuuliza habari za pingu. Alitaka kujua kama mumewe alianguka, au alilewa kama walivyosema."

Hapo ndipo nilipojua kuwa ghala lilikuwako kweli.

Tukaketi jioni nyingi barazani kwake kusahihisha. Alikuwa mkali kwa maneno kuliko nilivyotazamia. Nilipotia neno "ghafla" alilifuta. Alisema hapana jambo la ghafla, kuna jambo ambalo hukuliangalia. Siku ya mwisho alinitaka nisaidie kuficha watu, kwa kuwa mjane yule alikuwa yu hai, na pengine yule mwenye ufunguo pia. Tukalihamisha ghala kutoka Kilindini hadi mji usio na jina. Mlango wa mama, uliokuwa wa kijani, tukaupaka buluu. Alikuwa akiuza mahamri, tukamfanya mshonaji wa kofia. Watoto wake wanne wakawa wawili.

"Lakini mzee," nikasema, "tukibadili yote haya, akisomewa atajuaje kuwa ni habari yake?"

Aliivuta karatasi, akatia kidole chake chini ya mstari wa dakika 10.

"Hii usiiguse," akasema.