Kutoka Ipililo hadi Njombe: Baridi ya Juni na homa iliyosafiri na mtoto

Mikoa ya Simiyu na Njombe ilianzishwa mwaka mmoja, 2012, lakini anayetoka mmoja kwenda mwingine mwezi Juni anaweza kudhani amevuka mpaka wa nchi. Ipililo, wilayani Maswa, Juni ni mwezi wa pamba na vumbi. Asubuhi kuna kaubaridi, lakini ikifika saa sita mchana watu wanatafuta kivuli. Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni kipupwe chenyewe: ukungu asubuhi, manyunyu, na watoto wanaokwenda kuchota maji wamevaa makoti.

Familia moja ya Ipililo ilifunga safari hiyo shule zilipofungwa. Baba, mama, na watoto watatu: wa miaka tisa, wa miaka minne na wa miezi kumi. Walikuwa wanakwenda kwa marafiki. Muuguzi aliyekuwa jirani yao kwa miaka kadhaa alihamishiwa Njombe pamoja na mumewe, na kila walipopigiana simu alisema neno lilelile: "Shemeji, lini mnakuja?" Mwaka huu pamba ililipa kidogo, gari likafanyiwa matengenezo, wakaondoka.

Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kutoka Maswa lami inakufikisha Mwigumbi, kisha Shinyanga, Nzega na Igunga. Baada ya Shelui gari linaupanda mlima Sekenke, na mbele yake ni Singida. Familia hii haikusafiri usiku. Walilala Dodoma, wakaamka mapema kuelekea Iringa. Kila baada ya saa mbili walisimama: mtoto mdogo anyonye, wakubwa wanyooshe miguu. Mkanda ulifungwa na kila aliyeutosha.

Mtera ndipo joto lilipoaga. Barabara inapita juu ya bwawa, wauza samaki wako pembeni, jua linachoma. Kisha inakuja milima ya Nyang'oro, na baada ya Iringa hewa inabadilika. Mafinga ni misitu ya misonobari na madirisha ya gari yanafungwa. Makambako upepo unapuliza kama una ugomvi na mtu. Hapo ndipo unaiacha barabara kuu ya Mbeya na kushika ile ya Songea. Mama alitoa masweta ya mitumba aliyoyanunua Maswa, mtoto wa miaka minne akauliza kwa nini moshi unamtoka mdomoni.

Walipokelewa kwa "Kamwene!" na chai ya moto. Wageni walishusha mchele, karanga na michembe. Wenyeji walikuwa wameandaa viazi mviringo, maharage na maparachichi makubwa kama ngumi mbili. Watoto waliamkia, wakaitikiwa, wakasogezwa jikoni karibu na moto.

Jioni ile baba aliomba jiko la mkaa liingizwe chumbani kwa wageni, mtoto mchanga asipate baridi. Mwenyeji wake alikataa papo hapo. "Hapana, shemeji. Kwetu hapa jiko linalala nje."

Mzazi anayesafiri kwenda nyanda za juu aishike kauli hiyo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo aliyelala haishtukii. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mara nyingi watu hudhani ni uchovu wa safari. Mkaa unaoonekana umefifia na kufunikwa na majivu bado unatoa gesi hiyo. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Dawa ya baridi ni nguo za tabaka kadhaa, soksi, kofia na blanketi za kutosha, lakini uso wa mtoto mchanga usifunikwe. Jiko likiwashwa ndani jioni, dirisha au mlango uwe wazi, na litolewe nje kabla ya watu kulala.

Siku ya tatu mtoto wa miaka minne aliamka amechoka. Hakutaka chai. Kufikia saa saba mchana mwili ulikuwa wa moto. Baba alisema ni baridi. Jirani aliyepita kusalimia naye alisema ni baridi, apewe maji ya tangawizi.

Muuguzi hakubishana na mtu. Alimpeleka zahanati na kumweleza mhudumu sentensi moja: "Huyu ametoka Simiyu siku tatu zilizopita." Kipimo cha haraka cha tone la damu kilionyesha malaria.

Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, kwa sababu baridi huzuia mbu na vimelea kustawi. Ndiyo maana homa ya mtoto huko inaweza kudhaniwa ni mafua au kichomi. Lakini mtoto hakuumwa na mbu wa Njombe. Vimelea vya malaria hukaa mwilini siku 7 hadi 30, wakati mwingine zaidi, kabla homa haijajitokeza. Aling'atwa nyumbani, akasafiri na ugonjwa wake chini ya sweta.

Alipewa dawa mseto, ambayo hunywewa kwa siku tatu bila kukatishwa, pamoja na chakula au maziwa. Siku ya pili alikuwa anakimbizana na wenzake kwenye ukungu. Mama alimalizia dozi yote, ingawa mtoto alionekana amepona.

Mzazi uliyetoka eneo lenye malaria, usisubiri kuulizwa. Mtoto akipata homa ugenini, sema mnatoka wapi na mmefika lini. Ukirudi nyumbani, ukanda wenye joto, fanya vivyo hivyo.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwenye baridi. Baridi yenyewe haileti nimonia. Huletwa na vimelea vinavyoambukizwa kirahisi watu wanapobanana kwenye chumba kimoja chenye moshi. Mtoto anayekohoa, mvue nguo za kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akilegea, mkimbize kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Familia ilikaa siku tisa. Waliondoka na gunia la viazi, maparachichi mabichi ya kuivia njiani, na ahadi: Desemba, zamu ya wenyeji kwenda Ipililo.

Mama aliyetoka Maswa alianza kuwapangia kabla gari halijawashwa. Watoto waliokulia Njombe hawajazoea malaria, na mtoto wa namna hiyo akiipata huweza kuzidiwa haraka kuliko mwenzake aliyekulia kanda ya ziwa. Muuguzi aulizie kituoni kwake mapema kuhusu kinga ya safari. Kila kitanda kitakuwa na chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza, na homa yoyote itapimwa siku hiyohiyo.

"Masweta mtayaacha huku," alimwambia rafiki yake. "Vyandarua nitakuwa navyo mimi."