Miche Ipo, Tuombe Ardhi Kwanza

Alhamdulillahi, kikundi cha kujitolea cha msikiti wetu hapa Morogoro mjini kimekwisha kupokea miche, na vijana wanaulizia siku ya kwenda kuipanda Uluguru. Masika yamekaribia. Sisi tulioshika kalamu ya kamati tumetangaza tarehe ya kikao, si ya kupanda, na wapo walionuna.

Haja ya miti haina mjadala. Maji tunayotawadhia hutoka mlimani. Bwawa la Mindu hujazwa na mito ishukayo huko, nayo hushuka na udongo. Lakini miteremko ile ina wenyewe. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mti wa kudumu ukipandwa shambani huzua swali la nani mwenye shamba. Mgeni apandaye bila idhini, hata kwa nia ya sadaka, humwachia mwenyeji hofu ya kunyang'anywa. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Watu wakakataa, ghasia zikazuka, mpango ukaachwa. Udongo ulihitaji hifadhi kweli, ila hakuna aliyewauliza.

Basi Jumapili, baada ya Sala ya Alfajiri, wajumbe wanne watapanda kuonana na wazee wa koo. Wawili wawe akina mama, maana mazungumzo ya shamba huko hayakamiliki bila wao. Miche iendelee kumwagiliwa uani. Tukikataliwa, itapandwa makaburini kwetu, ambako nako udongo unamomonyoka.