Picha Ni Shahidi

Wazazi kadhaa wametuuliza: «Kwa nini watoto wapige picha na sinema wakati wa masomo? Je, hawapotezi siku zao?» Swali hilo ni la haki. Simu za mkononi zimejaa michezo na upuzi, nasi walimu twalijua jambo hilo. Lakini chombo kile kile kiwezacho kumpumbaza mtoto chaweza pia kumfundisha kutazama, mradi asiseme uwongo kwacho.

Macho yetu yana mipaka. Farasi akienda mbio, nani awezaye kuona kama miguu yake yote minne huachana na ardhi kwa wakati mmoja? Wachoraji wengi wa zamani walimchora amenyosha miguu, miwili mbele na miwili nyuma. Mwaka 1878, huko California katika Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia. Farasi akapita mbio, na kila kamera ikapiga picha yake. Kumbe! Miguu yote huachana na ardhi kweli, lakini ni wakati inapokunjwa chini ya tumbo, wala si inaponyoshwa. Baadaye Harold Edgerton wa Marekani alitumia mmweko wa taa wa muda mfupi mno. Picha yake ya mwaka 1957 yaonyesha tone la maziwa likianguka na kurusha maziwa pande zote, mfano wa taji la mfalme. Uzuri huo hakuutunga yeye. Ulikuwapo siku zote, ila macho ya watu hayakuweza kuushika.

Katika shule yetu hatuna vyombo vya namna hiyo. Tulikuwa na simu moja, matofali ya kuitegemeza, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, karatasi iliyoloweshwa na maharagwe matatu. Tuliyaweka maharagwe kati ya karatasi na kioo ili yaonekane, tukatega simu ipige picha yenyewe kila baada ya dakika 10, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Hesabu ikawa somo la kwanza: picha 72 kwa siku, yaani 720 kwa siku 10. Na kwa kuwa sinema hupitisha picha 24 katika sekunde moja, kazi yote ya siku 10 ilitupa nusu dakika tu! Jioni tuliiondoa simu ili kuitia umeme, tukiwa tumeandika mahali pake kwa chaki. La sivyo, kesho yake picha zingerukaruka.

Siku ya tano tulikuta jambo lisilopendeza. Haragwe la chini kabisa lilikuwa limezama majini. Limekuwa laini, na maji yananuka. Mwanafunzi mmoja alitoa shauri: «Tulitoe usiku huu, tutie jingine zuri. Hakuna atakayejua.» Mwenzake akamjibu: «Sisi tutajua.» Walibishana kwa muda mrefu, nasi tukawaacha wabishane. Mwishowe walikata neno: haragwe lililooza libaki. Njia ya mwongo ni fupi, na sinema yenye uwongo mmoja haiaminiwi tena hata pale isemapo kweli.

Siku ya sita tulimwaga maji yaliyozidi, tukailaza chupa ubavu. Mizizi ya yale mawili mazima, iliyokuwa ikielekea chini, sasa ilielekea kando. Kabla ya siku mbili kwisha, ncha zake zilikuwa zimepinda na kushika tena njia ya chini. Wanafunzi walipiga makofi kwa furaha.

Tulipowaonyesha wazazi sinema hiyo, tulidhani watasifu mizizi. Waliisifu, ndiyo. Lakini mama mmoja mkulima aliuliza kwanza: «Hilo la chini limekufa kwa nini?» Mwanafunzi yule yule aliyetaka kulibadili alisimama akaeleza kwamba mbegu inayoota inavuta hewa kama sisi, ikizama majini kwa siku nyingi hukosa hewa, kisha huoza. Mama akatikisa kichwa. «Basi ndiyo sababu upande wa bondeni wa shamba langu hauoti mvua ikituama.» Watu wakaanza kuulizana habari za matuta na mifereji, na haragwe lile bovu likawa mwalimu wa wote.

Hapo ndipo tunapoona ubunifu wa kweli wa mwanafunzi. Ni kuchagua upande wa kupokea mwanga, ni kusogea karibu, ni kuweka rula kando ili kipimo kijulikane, ni kupanga picha hata mtazamaji aelewe bila maneno mengi. Katika hayo yote mtoto ana uhuru. Katika kubadili kilichotokea, hana.

Wazazi wapendwa, msingojee vyombo vya bei. Chukueni kopo tupu la maziwa, toboeni tundu dogo kwa msumari katikati ya kitako, fungeni mdomo wake kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta. Kaeni gizani ndani ya nyumba, elekezeni tundu nje penye jua. Mtauona mti wa uani umesimama kichwa chini juu ya karatasi, kwa sababu mwanga husafiri kwa njia iliyonyoka. Kisha mwulizeni mtoto awaeleze sababu, nanyi msikilizeni.