Siku Moja Berlin, na Mjusi Wetu

Siku moja haitoshi kuujua mji wowote. Hata Bagamoyo, unayoweza kuizunguka kwa miguu kabla jua halijakolea, ukiondoka unabaki na deni. Sasa fikiria Berlin.

Mwezi ujao nakwenda huko kwa mafunzo ya waandishi wa habari, na nimepewa siku moja ya mapumziko. Kwa hiyo nina karatasi, kalamu na orodha. Msidhani kupanga ni mbwembwe. Sisi wenye pasipoti hizi hupanga kwanza ndipo turuhusiwe kuota: maombi ya viza ya Schengen yanataka uoneshe utalala wapi, utarudi lini, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kabla hujaona hata mtaa mmoja, umeshaieleza safari yako dirishani kwa mtu usiyemjua.

Orodha yangu ya kwanza niliitoa intaneti. Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya 1788 na 1791. Kuba la kioo juu ya jengo la Bunge, ambako kuingia ni bure ila sharti ujiandikishe mapema. Kisiwa cha Makumbusho. Mnara wa televisheni pale Alexanderplatz, mita 368. Vipande vya Ukuta vilivyochorwa picha. Orodha nzuri, wala sina ugomvi nayo. Tatizo lake ni kwamba angeweza kuiandika mtu yeyote, wa popote.

Kisha mjomba wangu wa Lindi akasikia habari za safari. Akatuma ujumbe wa sauti, mfupi: "Mpwa wangu, ukifika kamsalimie mjusi wetu. Mwambie tupo."

Msomaji wa kusini hahitaji maelezo. Kwa wengine: kuanzia 1909 hadi 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi. Naam, wanasema walichimba Wajerumani, lakini waliolima ardhi kwa majembe walikuwa mamia ya watu wetu, na msimamizi wao aliyetajwa kwenye kumbukumbu ni Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa mabegani na vichwani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, ikapakiwa melini. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa ndani ya Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, Museum für Naturkunde, kimo chake mita 13.27. Yeye aliingia Ulaya bila viza wala bima. Bungeni kwetu suala la kumrudisha limeulizwa zaidi ya mara moja, na bado yuko kule.

Kinachonikaa kooni ni tarehe. Vita vya Maji Maji vilianza 1905, vikaisha 1907, na njaa ikafuata. Mwaka 1909 uchimbaji ukaanza, kusini hukohuko. Maana yake, waliobeba ile mifupa walikuwa watu waliotoka kuzika.

Nilimsimulia rafiki yangu, naye ni mwandishi. Akacheka. "Dada, utaacha lini kufanya kazi? Mjerumani akija Zanzibar anakwenda ufukweni kuota jua, habebi historia ya mtu. Na wewe kapumzike bwana."

Kusema kweli maneno yake yalinikera kwa sababu yana ukweli ndani yake. Kwa nini Mtanzania akifika Ulaya lazima aende kama mfiwa, au kama mdai? Mimi nami nataka kupiga picha ya kipuuzi mbele ya lango. Nataka kukaa kwenye bustani nisiwaze kitu. Wiki nzima nimekuwa nikifuta na kuandika, siku ya mtalii upande mmoja wa karatasi, siku ya mpwa wa mjomba upande wa pili.

Ramani ya treni ndiyo iliyonisaidia. Kuna njia moja ya chini ya ardhi, U6, inayokata mji kutoka kusini kwenda kaskazini. Mji ulipogawanywa, treni zake za Magharibi zilipita chini ya Mashariki, na katika stesheni za huko zilisimama moja tu, Friedrichstraße. Siku hizi inasimama kote, na karibu kila ninachokitaka kipo kando yake.

Basi, siku yangu ni hii. Asubuhi na mapema langoni, picha ya kipuuzi ipigwe. Kutoka hapo natembea mtaa wa Wilhelmstraße, mahali palipokuwa na nyumba ya Kansela. Humo, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, mataifa 14 yalikaa kupanga taratibu za kuchukua Afrika, bila Mwafrika mezani. Kesho yake tu, tarehe 27, Carl Peters akapewa hati ya Kaisari ya kulinda maeneo aliyojitwalia kwetu. Jumba halipo tena. Kuna bango la maelezo kando ya barabara.

Saa nne, mjusi. Hapa ilibidi nipigane kidogo: ratiba yangu iliweka mapumziko Jumatatu, na Jumatatu makumbusho hayo hufungwa. Nimeomba nifike siku moja mapema ili nipate Jumapili. Wamekubali, ila usiku huo wa ziada nalipa mwenyewe. Nimelipa.

Mchana natembea hadi Bernauer Straße, kwenye kumbukumbu ya Ukuta, yenye urefu wa kilomita 1.4. Rafiki yangu alidhani hapo nitapafuta. Sikupafuta. Nataka kuona mji unavyofanya unapoamua kulikumbuka jeraha lake wenyewe, halafu nilinganishe na lile bango la Wilhelmstraße.

Kisha U6 tena, hadi stesheni ya Rehberge, kwenye mitaa yenye majina kama Sansibarstraße na Usambarastraße. Huko kulikuwa na barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939. Mwaka 1986 wakasema Peters anayekusudiwa ni mwingine, kibao kikabaki kilekile. Mwaka 2024 ndipo ikabadilishwa, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Sitakuwa na la kufanya pale zaidi ya kusoma kibao kwa sauti, kwa matamshi ya Kilindi.

Nimefuta kuba, kisiwa na mnara. Sijutii. Kuanzia saa kumi na moja jioni nimeacha mistari mitupu kwenye karatasi, bila jina la mahali. Hiyo ni ya utalii.