Kurasa Tupu

"Madam, mhadhara wa tatu hauna kitu."

Ujumbe uliingia saa nne usiku, kesho yake tukiwa na jaribio. Nilifungua faili kwenye ukurasa wa kozi: kurasa 18, zote zipo. Nikamjibu aangalie bando lake, nikalala.

Swali la nne, lililotoka kwenye mhadhara huo, aliliacha bila jibu.

Baada ya jaribio alinifuata ofisini, fimbo nyeupe mkononi. Hakulalamika. Alifungua laptopu, akanipa upande mmoja wa spika za masikioni. Sauti ikataja jina la faili, kisha ikasema ukurasa ni mtupu. Akaenda ukurasa wa pili. Mtupu.

Anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye naye haoni. Programu hiyo husoma herufi. Mimi nilikuwa nimeskani kitabu cha maktaba. Nilichoweka mtandaoni ni picha za kurasa.

"Huwa unafanyaje?" nikamuuliza.

"Rafiki yangu hunisomea. Akipata nafasi."

Nilikuwa nimemfundisha mihula miwili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 naifahamu, nimeshaitaja darasani. Lakini sikuwahi kujiuliza mtu asiyeona anayasomaje mafaili yangu.

Wiki hiyo nilizipitisha kurasa zile kwenye programu ya kutambua maandishi, nikasahihisha mstari kwa mstari. Vichwa vya sehemu, ambavyo nilikuwa nimevikoleza wino tu, nikavipa mtindo wa kichwa ili aweze kuruka kutoka kimoja hadi kingine badala ya kusikiliza yote tangu mwanzo. Kwenye mchoro wa piramidi ya idadi ya watu nikaandika maelezo: "Mchoro wa piramidi."

"Najua ni mchoro, Madam," akaniambia. "Unasema nini?"

Nilikosa jibu la haraka. Miaka yote nimekuwa nikisema "kama mnavyoona" na kusonga mbele. Nikaandika upya: kitako ni kipana kwa sababu watoto ni wengi; kadiri umri unavyopanda, watu wanapungua.

Faili nalo likawa jepesi. Waliokuwa wakisoma kwa simu, kwa bando la kuhesabu, ndio waliotangulia kushukuru.

Nilimpa jaribio jingine. Usiku wa kuamkia siku hiyo, ujumbe ukaingia:

"Madam, ukurasa wa saba unasema Tanzania ilifanya sensa mwaka 2072. Nadhani ni 2012."