"Casual" ya nani?

Kuna neno la Kizungu ambalo sisi vijana tunalirusha kila mahali: casual. Mwaliko wa bashi unasema mavazi ni casual. Msee unayemkatia anakuambia muweke mambo casual. Halafu kwa geti ya godauni kuna karatasi imebandikwa: wanatafutwa ma-casual kumi, kuja na kitambulisho. Neno ni moja. Lakini mara mbili za kwanza unaskia raha, mara ya tatu unaskia njaa. Nikashindwa kuliacha hilo swali.

Tuanze na mzizi. Kwa Kilatini kuna kitenzi cadere, yaani kuanguka. Kutoka hapo likaja casus: anguko, au jambo linalomwangukia mtu bila kupangwa. Hata Kiswahili kina picha hiyo hiyo. Tunasema bahati imemwangukia, msiba umemwangukia. Neno likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza karne ya 14, na wakati huo casual ilikuwa kitu cha kubahatisha tu. Hakuna mtu alikuwa anafikiria tishati na raba. Ndugu zake wa damu ni accident, chance na casualty, lile neno lililoandikwa kwa mlango wa hospitali pale wagonjwa wa dharura wanapokimbizwa. Hiyo ndiyo familia yake.

Kabla lianze kumaanisha starehe, lilikaa sana na watu maskini. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na vyumba vilivyoitwa casual ward, mahali msee asiye na kwao alilala usiku, halafu akafanyishwa kazi ngumu kama kuponda mawe ndio aachiliwe aende. Kwa bandari ya London wanaume walisongamana getini kila asubuhi wakingoja kuchaguliwa kwa kidole. Ukikosa kuitwa, siku yako imeisha. Mwaka wa 1889 walichoka, wakagoma. Walitaka peni sita kwa saa, na uhakika kwamba ukiitwa hutafukuzwa kabla ya masaa manne. Fikiria hiyo: masaa manne ya uhakika yalikuwa kitu cha kugomea.

Hapa kwetu Wakoloni walikuja na mtindo huo huo, na bandari ya Mombasa ilijaa watu wa kulipwa kwa siku. Neno letu lilikuwa tayari: kibarua. Liangalie vizuri, ni barua iliyofanywa ndogo. Zamani hapa pwani mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi, jioni anakirudisha ndio alipwe. Mwishowe jina la karatasi likawa jina la mtu. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji mzima ukasimama, na vibarua wa bandarini walikuwa ndani.

Sasa hii casual ya nguo ilitoka wapi? Maofisi ya Hawaii yalianza kuruhusu mashati ya maua siku ya Ijumaa miaka ya 1960. Halafu 1992 kampuni ya Levi's ikatuma kijitabu kwa maofisi mengi Marekani kufundisha wakubwa jinsi ya kuvaa casual kazini, huku ikiuza suruali zake za khaki zinazoitwa Dockers. Unajua docker ni nani? Ni yule msee wa kupakua meli bandarini. Yaani jina la yule aliyengoja getini sasa limeshonwa kwa suruali ya bosi.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Bosi akivaa jinzi Ijumaa, ametoa tai, hajatoa mkataba. Mshahara wake utaingia tu mwisho wa mwezi. Anaweza kucheza na kutokuwa rasmi kwa sababu urasmi uko nyuma yake umemshika. Lakini yule wa getini ameondolewa kila kitu: likizo, siku ya ugonjwa, notisi. Mmoja amechagua kulegea. Mwingine ameachwa aanguke.

Nayasema haya nikiyajua. Baada ya kuacha campo nilibeba katoni kwa godauni moja Industrial Area. Saa kumi na mbili unusu uko getini, jamaa anatoka na kidole: wewe, wewe, na wewe. Msee aliyenifunza kupanga mzigo alikuwa na miaka sita pale. Kila jioni analipwa, kila asubuhi ni mgeni. Miaka sita ya "leo tu." Siku mgongo ulimkataa, hakuna mtu alimfuta kazi. Hawakumnyooshea kidole tu, basi.

Na sheria ya Kenya haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema casual ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 kinaendelea: ukifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja au zaidi, unahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, na notisi yako ni siku 28 kwa maandishi. Hata kama wanakuita casual mpaka kesho. Kwa hivyo kama unalipwa kwa simu, usifute hizo meseji za M-Pesa. Andika tarehe. Piga picha orodha ya zamu. Siku ya kubishana, hiyo ndiyo sauti yako.

Na kwa mambo ya roho ni vile vile. "Tuweke casual" si matusi kama wote wawili mmechagua. Lakini kama mmoja analala usingizi mzito na mwingine anaamka usiku kuangalia simu, basi huyo wa pili hayuko kwa mapenzi ya kulegea. Yuko getini, anangoja kidole.

So mtu akikuambia mambo yatakuwa casual, usikimbilie kusema poa. Muulize swali moja kwanza: hii kitu ikianguka, inamwangukia nani?