Shukrani Inayofika kwa Miguu

Jumapili ya kwanza ya Oktoba, hapa Ujerumani ninakoishi, Wakatoliki huadhimisha sikukuu ya shukrani ya mavuno. Ukiingia kanisani unakuta maboga, tufaha, mikate na miganda ya ngano mbele ya altare, vimepangwa vizuri hata mtu anaogopa kuvisogelea. Vimepangwa tangu jana yake na watu wachache. Sisi wengine tunaangalia namba ya wimbo kwenye ubao ukutani, tunafungua kitabu, kinanda kinanguruma, tunaimba tumesimama wima. Kwa matoleo, kikapu kidogo kinapita benchi hadi benchi. Baada ya saa moja tumeshatoka.

Kwetu Msanzi, huko Ufipa, shukrani ya mavuno inafika kwa miguu.

Nikifumba macho naiona Misa ya Julai. Baridi ya Ufipa inauma mpaka saa nne asubuhi, akina mama wamejifunga vitenge juu ya masweta. Kanisa limejaa, kwa hiyo foleni ya matoleo inaanzia nje, chini ya miti. Mahindi, maharage, ulezi, alizeti, kuku aliyefungwa miguu. Ngoma inaanza, manyanga yanaitikia, na wenye mizigo wanaingia wakicheza: hatua mbili mbele, moja nyuma. Mama ana debe zima la mahindi kichwani na hajalishika. Vigelegele vinapokezana kutoka mlangoni hadi mbele. Nimewahi kuona foleni hiyo ikichukua muda mrefu kuliko mahubiri, na padre amesimama anaingoja, mikono tayari kupokea.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wamisionari wa Afrika walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kwa miaka mingi Misa ilikuwa ya Kilatini. Bibi alinisimulia kuwa siku zake ngoma ilikuwa ya harusini, haikuvuka mlango wa kanisa. Ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, uliofungua njia kwa lugha na muziki wa kila taifa. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Bibi aliona ngoma ikiingia. Alisema siku hiyo hakujua aimbe au alie.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, mkulima anapeleka kikapu cha malimbuko kwa kuhani. Hakabidhi tu na kuondoka. Anatakiwa asimulie kwa sauti: baba yake alikuwa mtangatangaji, jamaa wakashuka Misri, wakateswa, wakalia, Mungu akawasikia. Ndipo anaamriwa afurahi, yeye na Mlawi na mgeni aishiye kwake. Naamini foleni ya Msanzi inasimulia hivyohivyo, kwa miguu. Kila aliye kanisani anajua ni shamba la nani liliungua kwa jua, nani alizika mtoto mwaka ule, nani alipata mbolea msimu umeshapita. Anapopita akicheza, wote wanasikia habari yake.

Mwaka mmoja mvua ilikata mapema. Tulivuna kidogo mno. Mama akabeba nusu debe, akacheza kama miaka mingine. Nilikuwa kijana wa sekondari, niliona aibu, nikamuuliza njiani anashukuru nini. Akasema, "Mwanangu, mwaka jana tulikula. Na mbegu ipo."

Mwaka wangu wa kwanza huku Ujerumani nilijiambia kwamba watu hawa hawana furaha. Nilikosea, na aliyenionyesha ni bibi mmoja jirani yangu wa benchi. Ulipoanza wimbo wa kumsifu Mungu ambao Wajerumani wanaujua tangu karne ya 18, alifunga kitabu, akaimba kwa kichwa, sauti ikitetemeka, machozi yakimtoka. Baada ya Misa alinieleza. Alikuwa mtoto vita vilipoisha mwaka 1945. Walifukuzwa kwao Silesia, wakaja na mkokoteni, wakala maganda ya viazi. Shukrani yao ya kwanza ya mavuno waliifanyia katika kanisa lisilo na paa.

Nikakumbuka kitabu cha Ezra, sura ya 3, pale msingi wa hekalu unapowekwa: wazee wanalia, wengine wengi wanapiga kelele za shangwe, na mtu hawezi kutenga sauti ya kilio na ya furaha. Kumbe tulikuwa benchi moja na foleni ya Msanzi, ila bibi yule hajapata kuona mtu akiicheza.

Oktoba iliyopita nilimwomba padre ruhusa ya kupeleka matoleo yangu mbele kwa mikono yangu: kilo mbili za maharage. Nilipoinuka, bibi akainuka pia, akachukua tufaha moja kutoka mkobani. Anatembelea fimbo, kwa hiyo tulikwenda polepole, na mpiga kinanda akatungoja.